Unga, samli na guru: mbona sukhdi yako imekuwa jiwe?

Siku ya kwanza kupika sukhdi mwenyewe, kile kitamu cha Kigujarati cha kukata vipande, nilifata vipimo kama vilivyo, unga wa atta yaani wa ngano nzima, samli, sukari guru, iliki kidogo, nikamwaga kwenye sinia, nikakata vipande vya almasi kama nilivyokuwa naviona kwa jirani yetu tangu utotoni, nikaacha vipoe. Baada ya saa moja kisu hakiingii. Nikachukua mchi nikagonga, ukasikika ule mlio wa kugonga kigae. Jirani yetu mwenyewe, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima pale Mombasa tulikuwa tunamwita Ba, alikuja akachukua kipande akakigusa tu na jino, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Beta," yaani mwanangu, "hii umepika kashata."

Na kweli, nilikuwa nimepika kashata ya unga! Mi nimezoea kashata za kwetu ambazo sukari lazima uipike mpaka ifike kiwango chake ndo karanga zishikane, kwa hiyo guru nikaifanyia hivyo hivyo, nikaiacha jikoni itokote na mapovu yake, nikakoroga nikiona inapendeza. Kumbe guru ya sukhdi haipikwi, inayeyushwa basi, na hapo ndo tofauti yote ilipo. Vipimo vyangu havikuwa na shida yoyote.

Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wanahangaika na hivi vitamu vya Kihindi vya unga wa ngano nzima, na kila wakitafuta maelezo wanapewa vikombe na vijiko tu, mara nusu, mara robo tatu, wakati mambo yanayoharibu pishi hayapimwi kwa kikombe. Alafu majina sasa. Sukhdi, gol papdi, atta ladu, churma, sheera, kada prasad, lapsi, panjiri, thekua, na ukiangalia viungo ni vile vile vitatu, unga, samli na kitu kitamu, mtu unajiuliza hawa watu wametoa wapi majina tisa kwa kitu kimoja.

Sisi Waswahili ndo tunachanganyikiwa zaidi maana maneno mengine tunayo lakini yameshakwenda njia nyingine. Shira kwetu ni maji ya sukari yaliyopikwa yakawa mazito, yale unayochovyea kaimati, lakini ukimwambia Mgujarati "sheera" anaelewa kitu cha kula na kijiko, unga au suji (ngano iliyosagwa chenga chenga) iliyokaangwa na samli ikapigwa maji na sukari. Haluwa kwetu ni ile ya wanga inayovutika kama ulimi wa ng'ombe, ya Zanzibar na ya Muscat, wao halwa yao inaweza kuwa ya unga, ya karoti, ya dengu. Ladu tunalo, tena letu lina tangawizi au pilipili manga, lao mara nyingi halina ukali huo. Na guru yenyewe ni neno la kwao, gur, Wagujarati wanasema gol, ndo maana gol papdi maana yake haina maajabu, ni vipande vya guru. Sukhdi na gol papdi ni kitu kimoja, nyumba nyingine zinatofautisha ulaini na unene lakini usigombane na mtu kwa hilo.

Baada ya kuharibu unga mwingi nimeona kwamba vyote hivi ukivibana vinabaki maswali matatu. Unga wako ni laini au wa chenga? Maji yanaingia au hayaingii kabisa? Na ule utamu unakutana na unga ukiwa wa moto kiasi gani? Ukijibu hayo matatu unajua unapika nini hata kama hujui jina lake. Ila kabla ya hayo maswali kuna jambo moja linaloshika karibu vyote, nalo ni kukaanga unga, nitalikalia sana hilo kwa sababu ndo watu wanapolikimbia.

Kwanza unga wenyewe. Atta ya asili inasagwa kwenye chakki, yaani mawe mawili yanasuguana, punje nzima inaingia, pumba, kiini na ule weupe wa ndani. Mawe yanaponda wanga mpaka punje zake zinapasuka, na ndo sababu atta inakunywa maji mengi kuliko unga mweupe, kila anayekanda chapati analijua hilo hata kama hajawahi kujiuliza kwa nini. Kwenye vitamu, pumba na kiini ndo vinaleta ile harufu ya njugu, ukitumia unga mweupe utapata kitu kitamu sawa lakini kinanukia biskuti. Soma pakiti vizuri maana unga mwingine unauzwa kwa jina la atta wakati sehemu ya pumba imeshatolewa. Kwa mlioko Ulaya, ule unga wa ngano nzima wa mkate wa kule mara nyingi una pumba kubwa kubwa, sukhdi yake inakwaruza ulimi kama mchanga, heri uende duka la Wahindi. Na nusa kabla hujanunua au hujapika, kile kiini kina mafuta, unga ukikaa sana unaoza kimya kimya, unanuka rangi ya kupaka, na samli haitaficha ile harufu, itaikuza.

Samli iwe samli, ile ya maziwa. Sio ushamba, kuna sababu. Siagi ina maji ndani yake, asilimia 16 hivi, ukiikaangia unga maji yale yanatengeneza vidonge vidogo vidogo ambavyo nje vimeiva ndani vibichi. Samli maji yake yameshatolewa, inafunika kila chembe ya unga na joto linapita sawasawa. Mafuta ya mgando ya mimea yanakaanga vizuri tu, shida yake unaionja baadaye, yanabaki yameganda kwenye paa la mdomo.

Haya, kukaanga sasa. Karai yenye kitako kizito, moto mdogo, samli ikiyeyuka weka unga wote. Dakika za mwanzo utaona kama umekosea, unga unakuwa mzito, umeshikana, unabeba mwiko mzima, na hapa ndo mtu anaongeza samli. Usiongeze! Unga una unyevu wake wa asili, kama asilimia 12 mpaka 14, na unyevu huo lazima utoke kwanza kabla rangi haijaanza kubadilika. Endelea kukoroga, ufike chini, ufike pembeni. Baada ya dakika kama sita au saba kitu kinabadilika ghafla, mwiko unakuwa mwepesi, unaona vipovu vidogo vidogo vinapumua, na ile samli uliyodhani imemezwa inarudi inang'aa pembeni ya karai. Huo ni mvuke unatoka. Ukiisha kutoka, joto la unga linaanza kupanda kweli kweli, na hapo ndo protini na sukari ndogo zilizomo kwenye ngano zinaanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia na harufu, kazi ile ile inayotokea kwenye ganda la mkate na kwenye nyama ya kuchoma. Mfaransa Maillard ndo aliieleza mwaka 1912 na jina lake likabaki hapo, ila mabibi wa Gujarat walikuwa wameshaijua kwa pua zao zamani.

Rangi unayoitaka ni ya karanga iliyokaangwa ikamenywa, au chai ya maziwa iliyokolea. Kwa unga gramu 200 kwenye moto mdogo hesabu dakika 12 mpaka 15. Zima kabla hujaridhika kabisa, maana karai nzito inaendelea kupika hata moto ukizimwa, unga ulioutaka uwe wa dhahabu unageuka wa kahawa mikononi mwako hivi hivi. Ba alikuwa haangalii saa wala rangi, alikuwa anageuka anaosha vyombo, anapika na pua, alafu anasema "bas" anazima. Mimi bado naangalia saa, sina aibu.

Ukiukosa huu uvumilivu unga unabaki mbichi, na unga mbichi kwenye kitamu una ladha ya gundi, unashika kooni, hata uweke iliki kilo. Moto mkubwa nao unakudanganya, unga wa chini unaungua wa juu haujaguswa, ukichanganya unapata rangi nzuri ya wastani na ladha mbili mbaya kwa pamoja.

Sasa sukhdi. Mimi napima kwa mizani siku hizi, unga gramu 200, samli 150, guru 150. Guru iparuzwe au isagwe kabisa kabla hujawasha jiko, usije ukaanza kuparuza wakati unga unaungua. Ukishakaanga unga, zima moto, ondoa karai jikoni, subiri dakika moja mbili hivi, ndo umwage guru ukoroge haraka haraka iyeyuke. Hakuna maji yanaingia, jibu la swali la pili ni hapana. Na la tatu, utamu unakutana na unga wa moto lakini sio wa moto sana. Kwa nini? Guru ina maji kidogo ndani, asilimia chache tu, na hayo maji machache ndo yanayoifanya iwe laini. Ukiiweka kwenye unga unaochemka juu ya moto maji yanaruka yote, sukari inabaki peke yake, ikipoa inakuwa kioo. Pipi inatengenezwa hivyo hivyo, na kashata ndo inataka hivyo. Ukisubiri sana nako ni balaa, guru haiyeyuki, inabaki vipande vipande, na sukhdi ikikatwa inamomonyoka. Kuna dirisha la dakika mbili tatu hivi, ukilikosa huku ni jiwe, ukilikosa kule ni chenga.

Mwaga kwenye sinia uliyopaka samli, sawazisha na kitako cha bakuli dogo ambalo nalo umelipaka samli, kata ikiwa bado vuguvugu. Usingoje ipoe, ikipoa itakatika inavyotaka yenyewe. Kule Gujarat, kijiji cha Mahudi, kuna hekalu la Wajaini, watu wa dini moja ya India, maarufu kwa sukhdi, waumini wanaitoa sadaka na lazima iliwe yote ndani ya uwanja wa hekalu, hakuna kubeba kipande nyumbani. Kwa hiyo watu wanakaa pale na sinia zao wanasaidiana kumaliza, na ukishakula vipande viwili vitatu vya samli kiasi kile utaelewa kwamba huo nao ni mtihani wa imani.

Atta ladu ni ndugu yake wa tumbo moja lakini gundi ni tofauti. Kwenye sukhdi guru ndo inashika, kwenye ladu la sukari kinachoshika ni samli tu inapoganda. Kwa hiyo unga uliokaangwa unauacha upoe mpaka mkono unavumilia, ndo unaweka sukari uliyoisaga kwenye blenda, unachanganya na vidole, unafinya. Ukiiweka sukari mapema inalegea, mchanganyiko unakuwa uji, na ukipoa unakuwa mgumu na chengachenga. Watu wa pwani tuna mkosi wetu hapa, joto la Mombasa au Dar mwezi wa pili samli haigandi hata ukiiomba, ladu unalifinya vizuri unaliweka kwenye sahani, ukirudi limelala kama chapati. Dawa yake ni kuuweka mchanganyiko kwenye friji dakika kumi kabla ya kufinya, sio kupunguza samli, maana ukiipunguza ladu halishiki kabisa. Ndugu yangu mmoja yuko London ana shida ya kinyume, baridi inaganda samli kabla hajamaliza ladu la tano, yeye anafinyia karibu na jiko.

Twende kwenye vya maji. Sheera ya atta inaanza na unga ule ule uliokaangwa vile vile, samli nyingi, alafu unamwaga maji ya moto. Ya moto, sio ya bomba. Maji ya baridi yanaushtua unga, wanga unashikana mabonge kabla hujaukoroga, ya moto yanaingia kila mahali kwa mpigo. Simama mbali na funga mkono na kitambaa, maana unga na samli joto lake limepita sana la maji kuchemka, maji yakigusa yanalipuka kuwa mvuke, karai inaruka na kufoka kama ina jini. Watoto wasiwe karibu, nasema kwa msisitizo. Baada ya sekunde chache inatulia, wanga unavimba, unaongeza sukari, unakoroga mpaka samli itoke tena pembeni, ukiona sheera inaachana na karai inageuka pamoja kama kitu kimoja imeiva.

Sheera ya Masingasinga ndo kada prasad, na hii nadhani ndo kipimo rahisi kukumbuka kuliko vyote, unga, samli na sukari uzito sawa sawa, na maji mara mbili mpaka tatu ya uzito wa unga. Inagawiwa kwenye gurdwara, nyumba yao ya ibada, kwa kila mtu anayeingia, tajiri maskini wote wamekaa chini, unaipokea kwa mikono miwili iliyokingwa pamoja. Huhitaji kwenda Amritsar, mji wao mtakatifu kule India, kuionja, ukiwa safari ya Mombasa kwenda Nairobi pita Makindu, ile gurdwara iliyoanzishwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa kwenye kazi za reli, inapokea wasafiri wa dini yoyote na inawalisha bure. Ukipewa ile kitu ya kahawia inayong'aa mkononi, ndo hiyo. Mikono itabaki na samli, wenyewe wanajipaka, usiulize tishu.

Lapsi inachanganya watu kwa sababu haina unga kabisa, ni ngano ya chenga, ile iliyovunjwavunjwa, Wagujarati wanaita fada. Ni chakula cha heri, cha harusi, cha Diwali, cha kuhamia nyumba mpya. Unakaanga chenga kwenye samli mpaka zibadilike rangi, kikombe kimoja kwa maji ya moto vikombe vitatu, unafunika moto mdogo mpaka punje ilainike kabisa, ibonyeke kati ya vidole viwili. Hapo ndo unaweka guru. Ukiitanguliza guru umekwisha, punje zitagoma kuiva hata uchemshe mpaka gesi iishe, kwa sababu sukari inayanyang'anya maji yale ambayo wanga ungeyanywa. Kwenye sheera ya unga laini huo mpangilio sio lazima sana, wengine wanayeyusha sukari kwenye maji kabisa na inatoka, unga ni laini unawahi kunywa, ila kwenye chenga hakuna ujanja.

Alafu kuna churma, ambayo mimi naiona ndo mfalme wao na ndo yenye kazi ya kipuuzi kuliko zote ukiitazama kwa mara ya kwanza, kwa sababu unakanda unga, unakaanga, alafu unausaga tena uwe unga. Nilimuuliza Ba kwa nini asingeanza na unga akamalizia na unga. Akasema onja kwanza. Churma inatoka Rajasthan na Gujarat, Rajasthan wanaila na dengu na yale madonge ya ngano yaliyochomwa, dal bati churma, na Gujarat wanatengeneza ladu zake siku ya Ganesh Chaturthi, sikukuu ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo ambaye anasifika kwa kupenda ladu. Maharashtra wao siku hiyo wana modak, ile inayojulikana zaidi ni ya unga wa mchele, hiyo ni habari nyingine.

Unga wa churma ni wa chenga chenga, mkwaruzo kama suji. Ukiukosa changanya atta vikombe viwili na suji kimoja. Unautia samli iliyoyeyuka, kwa gramu 250 za unga vijiko vinne vya chakula hivi, unasugua mpaka ukifinya konzi unga unabaki umeshikana una alama za vidole vyako, hicho ndo kipimo chao, hakuna kikombe. Alafu maji vuguvugu kidogo kidogo, donge liwe gumu, gumu kweli, sio la chapati. Unabana vidonge kwa konzi vikiwa na alama za vidole ili viive mpaka ndani, unavikaanga kwenye mafuta moto mdogo taratibu mpaka viwe vya kahawia. Robo saa, dakika ishirini, usiharakishe. Vikipoa kidogo vivunje, saga kwenye blenda, chekecha, kinachobaki rudisha kwenye blenda.

Jibu la swali langu nililipata baadaye. Unga wa chenga ukiukaanga mkavu na samli tu katikati ya chembe panabaki pagumu, hauna maji ya kuuvimbisha, utatafuna kama mchele mbichi. Ukiukanda, maji yanaingia, wanga unaiva ndani ya kidonge, nje panapata ganda la kahawia, na ukisaga umeligawa lile ganda kila mahali. Unga wa churma unakunywa samli kama sifongo. Alafu gramu 120 za samli unaipasha na guru gramu 150, mara tu guru ikiyeyuka na povu la kwanza likitokeza zima, mwaga kwenye unga, kungumanga, iliki, zabibu, finya ladu. Unaona sheria ni ile ile ya sukhdi, guru isipikwe.

Juu ya ladu la churma wanabandika mbegu za khaskhas. Hapa ndugu zangu mlioko Ghuba nisikilizeni vizuri, zile ni mbegu za mpopi, na kule Falme za Kiarabu mbegu hizo zimepigwa marufuku, usije ukabeba kwenye begi ukitoka nyumbani ukadhani ni viungo tu, utakamatwa kiwanja cha ndege. Tumia ufuta, mimi naona hata unapendeza zaidi.

Panjiri sitaikalia. Ni ya Punjab, unga uliokaangwa na samli ukaachwa mkavu kama mchanga, na lozi, tangawizi kavu na gundi ya kula, ile ya kwenye miti, ukiitia kwenye samli ya moto inavimba kama bisi. Inaliwa wakati wa baridi na anapewa mwanamke aliyejifungua, kama sisi tunavyomsukumia mzazi uji wa pilipili manga arobaini nzima. Gundi hakikisha kila punje imevimba mpaka katikati, isipovimba inashika kwenye meno vibaya sana. Na thekua ya Bihar, ya sikukuu ya Chhath siku chache baada ya Diwali, ndo pekee inayofanana na biskuti, unga unakandwa na maji ya guru na samli, donge gumu, linapigwa chapa kwenye kibao cha mti chenye michongo na kukaangwa. Inakaa siku nyingi bila friji, sababu ni ndogo tu, maji yake karibu yote yameshatoka kwenye mafuta.

Kuna swali naulizwa kila nikimpa mtu, "hii si ni ngano nzima na sukari guru, kwa hiyo ni ya afya?" Jamani. Chukua ile sukhdi yangu, gramu 200 za unga, 150 za samli, 150 za guru, ukijumlisha unapata kama kalori 2,600 kwenye sinia moja, ukikata vipande 25 kila kimoja ni mia na ushee, na hakuna mtu anayekula kimoja. Guru ina madini kidogo na ladha nyingi lakini sehemu yake kubwa ni sukari ile ile, mwenye kisukari asidanganywe na rangi ya kahawia. Ba mwenyewe alikuwa nayo na alikuwa anakula kipande kidogo kama ukucha, anafumba macho, anarudisha kopo kabatini. Wale waliotunga hivi vitamu walikuwa wanavilia kwenye baridi, au wametoka kuzaa, au wamefunga siku nzima, sio mbele ya televisheni.

Kuhifadhi, vile vikavu yaani sukhdi, ladu, panjiri, vinakaa wiki mbili nje kwenye kopo kavu linalofunga vizuri, kijiko chenye maji kisiingie humo. Churma wiki moja nzuri. Sheera na lapsi zina maji, zinazobaki za kesho ziwe kwenye friji, na ukizipasha ongeza kijiko cha maziwa maana wanga ukipoa unakaza.

Na kama umeshafika huku huku unasoma na sinia la mawe liko mezani, usitupe. Vunja na mchi, weka kwenye blenda mpaka iwe unga, rudisha kwenye karai na vijiko viwili vitatu vya maziwa ya moto, moto mdogo kabisa, koroga mpaka guru iachie, finya ladu zikiwa vuguvugu. Zile zitaliwa siku mbili tatu tu kwa sababu ya maziwa, lakini kwetu hazikufika jioni, na Ba alichukua nne akasema za kupelekea wajukuu, wajukuu wenyewe walikuwa Leicester, Uingereza.